Bi Ratiba Avuka Mlima

Wifi yangu amewapangia watu safari za mlimani kuliko mtu mwingine yeyote ninayemjua, na mpaka anafikisha miaka sitini na sita hakuwa ameuvuka mlima ule hata mara moja. Watu walimwita Bi Ratiba. Mimi nilimwita wifi, kwa kuwa ni dada wa marehemu mume wangu, na kwa kuwa nyumbani kwetu hatuitani kwa majina ya mitaani.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na tatu, karani wa ofisi ya msitu katika kijiji cha chini. Kutoka ofisini kwake njia huvuka mto mdogo, huingia kwenye mianzi, hufika kwenye kibanda cha bati cha kupumzikia, kisha hupanda hadi shingoni, pale vilele viwili vinapokaribiana. Kutoka shingoni ni kushuka tu kwenye kokoto mpaka kijiji cha ng'ambo. Mwenye miguu mizuri hutoka saa kumi na mbili asubuhi na kufika saa kumi na moja jioni. Barabara ya gari inauzunguka mlima mzima, na siku zile mvua ikinyesha haikupitika.

Safari ya namna hiyo ina ubaya wake. Anayekwenda na kurudi anasubiriwa pale alipotokea. Anayevuka hasubiriwi na mtu hata mmoja. Aliowaacha wanadhani amefika, anaowaendea wanadhani hajatoka, na katikati hapo mtu anaweza kukosa wa kumtafuta. Ndiyo maana kila aliyevuka aliandikwa mara mbili. Wifi alimwandika chini, jina na saa ya kutoka, akapiga redio ya mawasiliano kwa karani wa ng'ambo. Karani wa ng'ambo naye aliliandika jina, akamsubiri mtu, akamwona kwa macho yake, akampa kalamu atie sahihi. Hapo tu ndipo aliruhusiwa kupiga redio na kusema: amefika.

Karani wa ng'ambo alikuwa kaka yake, aliyekuja kuwa mume wangu.

Mwaka wa nne wa kazi yake, siku moja ya mvua, wifi alimwandika fundi mmoja wa vyerehani. Alikuwa anakwenda ng'ambo kutengeneza vyerehani sita vya shule, na mwalimu wa ushonaji wa shule hiyo alikuwa mimi. Wifi alimkagua kama alivyowakagua wote. Alimpunguzia vyuma visivyo vya lazima, akamwongezea soksi, akamwambia kama saa saba itamkuta chini ya shingo, arudi alale kibandani.

"Ungekuwa mama yangu ungenifunga na kamba kabisa," fundi alimwambia.

"Kamba ninayo. Nasubiri uchelewe."

Saa kumi na moja kasoro jioni redio ikasema amefika. Wifi akaandika, akafunga daftari, akaenda nyumbani.

Siku ya nne mke wa fundi alikuja ofisini na mtoto mgongoni, akauliza mumewe anarudi lini. Waliokwenda kumtafuta walimkuta fundi chini kidogo ya shingo, upande wa ng'ambo, mguu umevunjika, amekwisha kufa. Waliompata walisema alikuwa ameishi siku mbili pale, labda zaidi. Sanduku la vifaa lilikuwa wazi, na nyundo ndogo ilikuwa mkononi. Chupa yake ya maji, ya bati, ilikuwa imebonyea pande zote. Alikuwa anaigonga ili asikike. Hakuna aliyekuwa anamtafuta.

Ofisi iliuliza nani aliandika amefika. Mwandiko ulikuwa wa wifi. Maneno ya redio hayaachi alama. Mkubwa wa ofisi alipomuuliza, alijibu kwamba aliandika mwenyewe kabla ya kuambiwa, kwa kuwa alikuwa amechoka. Alifukuzwa wiki ileile. Watu waliokuwa wameleta posa walirudi kimya kuchukua maneno yao, na hawakuja wengine. Kaka yake alisema daftari la ng'ambo lililowa mvua na kuharibika. Mwezi wa tatu baada ya hapo tulifunga ndoa.

Nieleze ninachokijua. Jioni ile mume wangu alikuwa mezani kwangu. Alikuwa amevaa shati jipya, na saa ya ukutani ilikuwa bado haijagonga kumi na moja. Nilimuuliza, "Fundi wangu kafika?" Akasema, "Atafika tu. Nimeshapiga redio, tusikae tunaangaliana na saa." Nikampakulia. Asubuhi fundi hakuwepo, na mume wangu akasema bila shaka kageuza njia, na kwamba akiuliza chini wataona alidanganya. Nami sikuuliza. Mama mkwe ndiye aliyempa binti yake maneno ya kusema. Alimwambia, "Kaka yako anaoa, ana kazi ya kudumu. Wewe bado mdogo." Nilikuwepo jikoni, nikiosha vikombe.

Miaka thelathini na tisa wifi aliendelea kupanga safari za watu akiwa kibarazani kwake, bila cheo. Ofisi ilikuwa na makarani wapya, lakini watu walipita kwake kwanza. Alikuwa na mizani ya jikoni ya kupimia mizigo, na karatasi za mistari alizoandika saa kwa saa. Kitu kimoja hakikumtoka. Kundi likipita getini kwake aliwahesabu kwa kidole, na baada ya wa mwisho kidole kilibaki hewani, akiangalia njia nyuma yao kama aliyebakiza mtu.

Kwetu ilikuwa vingine. Mume wangu aliheshimiwa. Wanetu walisoma, naye alistaafu na cheti kwenye fremu, tukahamia kijiji cha chini. Lakini jioni, saa kumi na moja ikifika, aliinuka popote alipokaa, akafungua mlango wa mbele, akasimama. "Nilidhani kuna mtu," alisema. Mafundi wakigonga bati kwa jirani, alihamia chumba cha nyuma na kuwasha redio kwa sauti ya juu. Alipofariki nilidhani mambo hayo yamekwenda naye. Wiki ya pili, saa hiyohiyo, nilijikuta nimesimama mlangoni nimeshika kitasa, na nje hakukuwa na mtu.

Barua ilikuja mwaka jana. Aliyeandika alikuwa mtoto wa fundi, yule aliyekuwa mgongoni, sasa muuguzi wa hospitali kubwa. Alimwandikia wifi kwa heshima. Alitaka kupita njia ya baba yake toka kijiji hadi kijiji, aliuliza avae viatu gani, na alitaka apangiwe na mtu yuleyule. Mwishoni aliuliza swali moja: nani alisema baba yangu amefika?

Wifi aliniletea barua niisome, kwa kuwa miwani yake ilikuwa imevunjika.

"Mwambie unaumwa," nilimwambia.

"Siumwi."

"Wifi, mambo ya zamani hayo. Jina la kaka yako..."

"Jina la kaka yangu nimelibeba muda mrefu kuliko wewe. Nisomee tena pale anapotaja viatu."

Walikutana sebuleni kwangu, kwa kuwa meza yangu ni kubwa. Nilitandika kitambaa cheupe, wifi akakitoa, akatandaza karatasi zake. Muuguzi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, mtulivu, kucha fupi. Aliweka chupa ya bati mezani. Imebonyea kila mahali, kama tunda lililookotwa. Nilisogeza kiti changu.

"Siku mbili," wifi alisema. "Ya kwanza mpaka kibandani, ya pili kuvuka. Mzigo kilo saba."

"Shangazi, mimi nabeba hata kumi na tano."

"Unabeba kwenye ngazi za hospitali. Saba. Na jozi tatu za soksi."

"Tatu za nini?"

"Moja ya kuvaa, moja ya kulalia, moja ya kujutia."

Muuguzi alicheka. Kisha akasema, "Tunakwenda wangapi?"

"Wawili. Wewe na mimi."

Nilisema miguu yake haiwezi. Akasema miguu ni yake, amekuwa akiilisha vizuri. Aliandika saa zote: mtoni, mianzini, kibandani, shingoni. Alipofika kwenye mstari wa mwisho alisimamisha kalamu.

"Ng'ambo atatupokea nani?" muuguzi aliuliza. "Maana nasikia ofisi ya kule imefungwa."

"Chumba kipo, meza ipo. Anatakiwa mtu wa kukaa."

Muuguzi aliisogeza ratiba pembeni. Kisha akauliza lile swali, kwa sauti ya mtu anayeuliza mgonjwa kaumwa tangu lini. Wifi hakuinua macho. "Niliandika mimi. Nilichoka, nikaandika." Alilisema kama mtu anayetaja tarehe ya kuzaliwa. Muuguzi aliitazama chupa, akaitikia kwa kichwa, lakini niliona hakuamini. Mtu aliyetaka jozi tatu za soksi hawezi kuchoka akaandika.

Nikasema, "Nitawapokea mimi."

Wifi alinitazama muda mrefu. "Utakwenda na gari, siku nzima, na mgongo wako huo?"

"Nitakwenda."

"Basi ujue kazi yenyewe," alisema, akaandika jina langu kwenye mstari wa mwisho.

Usiku wa kuamkia safari nilifungua sanduku la marehemu. Chini ya vyeti, ndani ya karatasi ya nailoni, kulikuwa na daftari la ng'ambo. Halijawahi kulowa. Nimelijua miaka yote. Nilifua nguo za sanduku lile kila mwaka na kulirudisha mahali pake.

Chumba cha ofisi ya zamani kina dirisha moja linaloangalia mteremko. Nilifuta meza, nikaweka daftari, nikakaa. Simu kule hushika mahali pamoja tu, kwenye kizingiti, nikaiweka pale. Ilipofika saa kumi ukungu ulishuka mpaka nisiione njia. Saa kumi na moja kasoro askari wa msitu wa kijiji cha chini alinipigia.

"Shikamoo mama. Wageni wetu wamefika?"

"Marahaba. Hawajafika."

"Ratiba ya bibi inasema kumi na moja. Watakuwa hapo nyuma ya kona. Niandike tu, nifunge ofisi?"

Nilisimama kizingitini. Mlango ulikuwa wazi mbele yangu, saa ileile, na nje palikuwa peupe tupu. Ningesema ndiyo, hakuna ambaye angejua. Labda wangetokea baada ya dakika tano, na isingekuwa kitu.

"Usiandike," nilisema. "Sijawaona."

"Mama, nyumbani wananisubiri."

"Hata hao wana watu wanaowasubiri. Kaa hapo. Ikifika saa kumi na mbili na nusu sijakupigia, waite vijana wa uokoaji. Usiulize mtu mwingine."

Alikaa. Nami nilikaa. Saa kumi na mbili ilipita. Ndipo nikasikia, mbali juu, chuma kikigongwa. Ngo. Ngo. Ngo. Kimya. Ngo. Nilishika fremu ya mlango. Nilijua mume wangu alikuwa akisikia nini kwenye kile chumba cha nyuma. Ilikuwa inashuka, inapotea kwenye ukungu, inarudi karibu zaidi, na sikuweza kuita, kwa kuwa sikujua nitamwita nani.

Kwanza ilitoka fimbo, kisha wifi, akichechemea, kisha muuguzi nyuma yake akigonga ile chupa kwa jiwe.

"Ukungu mzito," muuguzi alisema. "Shangazi alisema tugonge, ili anayesubiri asikie."

Niliwahesabu kwa kidole. Nilipiga simu nikasema wamefika, wawili, nimewaona. Saa kumi na mbili na dakika ishirini.

Kisha nikawaita mezani. Wifi aliliona daftari, akakaa kwenye benchi bila kuvua mkoba. Nililifungua penye tarehe ile. Jina la fundi lilikuwepo, kwa mwandiko wa mume wangu, na saa ya kutoka. Upande wa kufika palikuwa patupu. Hakuna saa, hakuna sahihi. Baada ya hapo kurasa zote zilikuwa tupu.

"Mume wangu ndiye aliyesema amefika," nilimwambia muuguzi. "Hakumwona. Alikuwa nyumbani kwangu. Wifi yangu aliandika alichoambiwa, kama kazi ilivyotaka."

Muuguzi alisoma mstari ule kwa kidole. "Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunakula."

"Na wewe ulijua?"

"Asubuhi yake nilijua."

Alikiondoa kidole ukurasani. Nje upepo ulisogeza ukungu kidogo, na wifi aligeuka kuutazama mteremko, kidole kimeinuka kidogo juu ya goti. Nilidhani atanilaumu, au atalia. Alisema tu, "Wifi, nisaidie huu mkoba, bega limekufa."

Nilimsaidia. Bega lilikuwa limechubuka mpaka damu, na soksi ya kujutia alikuwa ameikunja chini ya mkanda.

Muuguzi aligeuza ukurasa, akaandika jina lake na la wifi, saa ya kufika, akatia sahihi, akampa wifi kalamu. Wifi akatia yake chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutia sahihi upande ule.

"Nitaomba nakala ya ukurasa wa baba," muuguzi alisema bila kunitazama. "Ofisi wanapaswa kuuona. Na mama yangu bado yupo hai."

Ndani ya daftari lile kuna mwandiko wa mume wangu kurasa mia na kumi. Wanangu hawana kitu kingine alichokiandika kwa mkono.

"Lichukue lote," nilisema.

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu afike. Kisha akalifunga kwenye nailoni yake, akalitia mkobani pamoja na chupa. Alipouinua, chupa iligonga jalada mara moja, na wote watatu tukageuka kuangalia mlango.