Tundu Katika Meza ya Baba

Mwaka wa 2008 mama yangu alikuwa akipiga chapa kwa malipo kidogo sebuleni kwetu, mtaa wa Section 58. Alikuwa karani mstaafu wa shule. Kompyuta alijifunza uzeeni, na akaipenda. Kilichomtesa ni shingo. Miwani yake ilikuwa na sehemu ya kusomea upande wa chini, kwa hiyo ili aone skrini ilimbidi ainue kidevu kama kuku anayekunywa maji. Jioni nilimkanda shingo; asubuhi alirudi palepale, kwa sababu watu walimngoja. Wengi walikuwa wametoka Kuresoi na Molo, nyumba zao zimeungua katika ghasia za baada ya uchaguzi, vyeti vikiwa ndani, nao walitaka kuandikiwa barua za kuomba vingine.

Nilikuwa nafanya kazi kwa Mhindi mmoja mwenye duka la vyuma mjini. Stoo kwake kulikuwa na mkono wa chuma wa kushikilia skrini, ule unaofungwa mezani ukakunjwa na kunyooshwa.

"Tangu mkono huu uletwe hakuna aliyeuulizia," akaniambia. "Mpelekee mama."

Aliniazima na drili.

Nyumbani, kibano cha mkono ule kilikataa kuingia. Meza ilikuwa ya mwerezi, nene mno, kazi ya mikono ya marehemu baba. Njia iliyobaki ilikuwa kuitoboa, nami sikuthubutu.

"Tutafute meza nyingine, Mama."

Akapitisha kiganja juu ya ule ubao. "Baba yako aliitengeneza ifanye kazi. Toboa."

Nikatoboa. Harufu ya mwerezi ikajaa sebule nzima, kama siku ile ile imetoka kupigwa randa. Nikapitisha bolti, nikakaza nati kwa chini, kisha nikafunga skrini kwa skrubu nne mgongoni. Nilipoiachilia, iliruka juu ikatazama dari.

"Imegoma!" Mama akacheka mpaka akashika ubavu.

Kwenye kiwiko cha mkono kulikuwa na skrubu ya kulegeza springi. Nikaizungusha kidogo, nikajaribu, nikaizungusha tena, hadi skrini ikatulia popote nilipoiweka. Nikaishusha karibu na meza, nikailaza nyuma kidogo.

"Keti sasa."

Akaketi. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, kidevu kimetulia. Alianza kupiga chapa, upesi, kwa mdundo ule niliokuwa nikiusikia utotoni nikimsubiri nje ya ofisi yake.

Kesho yake alikuja mzee kutoka Kuresoi. Mama aliandika barua yake, kisha akaivuta skrini kwa vidole viwili hadi mbele ya mteja.

"Jina lako liko sawa, mzee?"

Mzee alilisoma polepole, akaitikia kwa kichwa, halafu akainama kuchungulia chini ya meza. "Hii umewekewa na fundi wa wapi?"

"Fundi ndiye huyo mlangoni," Mama akasema. "Binti yangu."

Nilikuwa nimeshachelewa kazini. Nikasimama hapo hapo, nikamwacha aeleze yote: bolti, springi, hata ile skrini ilivyoruka.