Mzee wa Mbao Juu ya Sufuria ya Chai

Nimechekwa na hii stori kutoka Silibwet mpaka Chebunyo, na kwa sababu kila mtu huiongezea chumvi yake, wacha niwaambie mimi mwenyewe venye ilikuwa, aibu yote, ndio mtu akinicheka acheke na ukweli.

Mnajua kazi yangu ni kurekebisha vitu za mbao. Sijafundishwa na mtu, nilijifunza na simu na vidole vyangu (viwili viko na alama ya patasi mpaka leo). Kazi nyingi hunipea Mama Wairimu, yule mama wa Kericho anauza fanicha za zamani, na huyo mama usimwongelee vibaya nikiwa karibu, kwa sababu nikiwa sina hata nyundo ndiye aliniamini na meza ya wenyewe. Sasa siku moja akaniletea kitu imefungwa kwa shuka. Alikuwa amenunua kabati kwa nyumba ya meneja mmoja alistaafu huko kwa mashamba ya majani chai, na ndani ya kabati akapata kazee ka mbao, urefu ni kama kutoka kiwiko mpaka kwa vidole, kamekaa kwa kiti, ndevu zimeshuka mpaka kifua, kanzu imejaa mikunjo, rangi nyekundu na dhahabu imebaki kwa mashimo tu, uso mweusi wa moshi ya miaka na miaka. Mkono moja imeshika usinga, kama ya wazee wetu. Akaniambia ni ya Uchina, ya kitambo sana, ni mmoja wa watakatifu wa dini yao inaitwa Tao, watu walikuwa wanamweka nyumbani wakimchomea ubani, na kuna mteja anamtaka, so nimrudishie vidole viwili zilivunjika, na vanishi nisipake hata tone. Nikamwambia sawa, mum.

Vidole haikuwa shida. Shida ilikuwa dudu za kula mbao. Ukimtikisa anamwaga unga kama posho mill. Simu ikaniambia nimweke kwa friza wiki mbili. Friza ya karibu ni ya butcher, nikaenda nikamwomba, akaangalia huyo mzee, akaangalia mbuzi zake, akaniambia niende na amani. Hapo ndio akili yangu ikajifanya profesa. Kwetu mahindi ya mbegu huning'inizwa wapi? Si juu ya jiko ya Gogo, nyanya yangu, kwa moshi, na hakuna dudu imewahi kuiguza? Huyu naye si amekula moshi maisha yake yote? So Alhamisi nikamfunga na kamba ya katani, nikamning'iniza kwa fito katikati ya mahindi, juu kabisa ya mafiga. Gogo akauliza huyo ni nani. Nikasema ni mgeni wa Mama Wairimu. Akamwangalia, akasema mgeni asikae njaa, akaendelea kumenya viazi.

Nilikuwa nimtoe Ijumaa. Ijumaa nikagombana na mtu wa hema ya sherehe ya kesho yake (alileta yenye imetoboka, ningenyamaza aje?), hasira ikanisahaulisha.

Na Jumamosi ilikuwa koito ya dada yangu Chebet, ile siku wazee wa kijana wanakuja kuomba msichana na kuongea ng'ombe. Chebet alikuwa amengoja hiyo siku miaka tatu. Baba yetu hayuko, na huko kwa kina kijana kulikuwa na watu wanasema nyumba haina mwanaume ni nyumba ya maneno. So mwanaume ni mimi. Mimi huyu.

Wageni wakafika vizuri kutoka Chebunyo, wakakaa, pastor akaomba. Kwa jiko, moto ilikuwa imewashwa kubwa kuliko siku ingine yoyote, na juu yake sufuria ya chai, ile ya harusi, haijafunikwa. Kitu sikujua, kwa sababu nilimwangalia huyo mzee mbele tu, ni kwamba kwa mgongo alikuwa na shimo imefungwa na kafuniko. Joto ikakausha kale kafuniko, kakaachilia. Yenye ilikuwa ndani yote ikashuka kwa chai.

Chujio ilishikwa na nani? Na senge wa kijana, shangazi yake, mama mkubwa wa mwili na wa macho, alikuwa ameingia jikoni eti kusaidia. Hakupiga kelele. Alitoka na chujio mkononi inatiririka, akaingia sebuleni, akaiweka kwa meza mbele ya wazee. Ndani kulikuwa na majani fulani yamekauka yenye si ya kwetu, nyigu moja mzee amekufa, na karatasi imekunjwa, maandishi nyekundu inatoa rangi.

"Wazee," akasema, "kabla mnywe, muone chenye tunapikiwa."

Vikombe zikarudi kwa meza moja moja. Chebet akaniangalia. Mtu wa kawaida hapo angeomba radhi, angeeleza polepole. Lakini nilikuwa nimesikia mtu nyuma akisema hiyo nyanya inajulikana, na Gogo yangu ndiye alinilea, damu ikapanda, nikakimbia jikoni, nikakata kamba, nikarudi na mzee wa mbao chini ya kwapa, masizi mpaka kwa shati nyeupe, nikasema kwa sauti ya mtu anauza mbuzi:

"Hakuna uchawi hapa. Huyu ni mungu wa Wachina."

Na pastor amekaa hapo hapo.

Wanaume wawili wa Chebunyo wakachukua kofia. Chebet hakulia, aliketi tu akaangalia mikono yake, na hiyo ndio iliniua.

Kumbe babu ya kijana, mzee haoni vizuri, ndiye mkubwa wao, na alikuwa bado amekaa. Akanyoosha mikono. "Nipe huyo."

Nikampea. Akampapasa pole pole, ndevu, kanzu, magoti, shimo ya mgongo, halafu usinga. Kidole yake ikabaki hapo.

"Huyu ni mzee," akasema. "Amekaa, ameshika usinga yake. Na nyinyi mnasimama mnaenda wapi?"

Kofia zikarudi. Akapata vile vidole viwili mpya, akauliza nani amechonga. Nikasema ni mimi. Na kwa nini alikuwa jikoni? Nikaeleza dudu, friza, butcher, mahindi, sasa sauti ikiwa imeisha. Kufika kwa butcher mabega yake ikaanza kutingika.

"Hata mimi viti yangu naweka moshi," akasema. "Lakini huwa siweki juu ya chai ya wakwe. Senge, kaa. Huyu si mchawi, ni mjinga, na mjinga tunaweza kuoa kwao."

Akanihukumu: niombe Gogo na senge msamaha mbele ya wote, halafu nipike chai ingine mimi mwenyewe, nikinywa wa kwanza. Nilipika. Ilishika chini kidogo. Walikunywa, na Chebet alikunywa vikombe mbili akinitolea macho juu ya kikombe, na ng'ombe zikaongewa.

Jumatatu nikampelekea Mama Wairimu mzee wake na kila kitu kwa sahani, nikingoja kufukuzwa. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Karatasi ilikuwa imekauka, akaipiga picha, simu ikasoma yenye haikuoshwa na chai: ni ombi yenye huwekwa ndani ya mgongo wa sanamu kama hiyo, familia moja inaomba watu wa nyumba wawe na afya na nyumba ikae na amani. Basi. Akairudisha kwa mgongo na mikono yake, na kazi ingine akanipea siku hiyo hiyo.

Chebet sasa ako Chebunyo, senge huniita Mchina na hunitumia mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Yule babu nilimchongea kiti, mti mzuri, nikaiweka moshi wiki nzima, kwa kichaka mbali na sufuria ya mtu yeyote. Na kabla nimpelekee niliipindua kwanza, nikaangalia mgongo.