Nililisha Mwewe, Mama Mutua Akaniomba Msamaha

Mimi ndiye mwenye kosa. Nalisema hapa kwa sababu nimeshindwa kulisema kule Silanga ninakokaa, mbele ya mama mmoja muuza mboga za sukuma ambaye nimemharibia maisha, na bado ananiona mtu mzuri.

Kikundi chetu cha vijana huhesabu ndege kando ya Nairobi Dam kila Jumamosi asubuhi. Tunasimama kimya, tunatazama kwa darubini, tunaandika tulichoona. Tukionyesha kwamba ndege wapo, tunapata nguvu ya kutetea miti ya pale kando ya maji isikatwe. Mimi ndiye niliyefunzwa kwanza, nikafanywa msimamizi. Watoto wa ploti ninamopanga wakaniita Mama Ndege. Nikavimba kichwa!

Msimu mmoja ndege wakapungua, na wageni wanaotusaidia walikuwa karibu kuja kujionea. Niliogopa, jamani! Kaka yangu alikuwa na bucha, na mabaki hayakosi huko: mafuta, mapafu, vipande vya matumbo. Nikawa natangulia kabla ya wenzangu, narusha nyama juu, mwewe wanaidaka hewani. Siku ya wageni mwewe walijaa mpaka wale watu wakapiga makofi.

Nilijua! Somo la kwanza tulilofunzwa ni kwamba anayehesabu ndege hawaiti. Nilijua, na bado nikaendelea hata wageni walipoondoka, kwa sababu nilipenda kuwaona wakishuka nikipiga mluzi. Nilijiona mtu.

Kisha kaka akafunga bucha, akarudi nyumbani Siaya. Nyama ikaisha, nami nikaacha tu. Lakini nani angewaambia mwewe? Walishazoea kwamba mkononi mwa mtu kuna nyama.

Jirani yangu Mama Mutua, huyo muuza sukuma, alimnunulia mtoto wake kipande cha mutura, ule utumbo wa kuchoma uliojazwa nyama. Mutua alikuwa amesimama mlangoni, hajauma hata mara moja. Mwewe akashuka. Mutura ikaenda, na ukucha ukapita kwenye jicho.

Woi, kile kilio! Bado nakisikia nikiosha vyombo. Hospitalini walisema jicho lile halitaona tena.

Mama Mutua hakumuuliza mtu. Alitia sumu kwenye nyama, akaitandaza kando ya dam mchana kweupe, watu wakimwona. Jumamosi iliyofuata tukakuta mwewe wamelala matopeni, mabawa wazi. Juu ya mkaratusi makinda wao walikuwa wakilia njaa, na mti ule hauna pa kukanyaga. Tulisimama chini tukiwasikiliza. Baada ya siku chache wakanyamaza.

Kikundi kikawaka. "Huyo mathe ametumaliza!" mwenyekiti wetu akasema. "Lazima apelekwe kwa chifu. Ama unasemaje, Mama Ndege? We ndio unajua hizi vitu."

Nikasema, "Ni sawa."

Jioni Mama Mutua akaja kwangu, macho mekundu, amemshika Mutua mkono. Mtoto alikuwa na bandeji nusu ya uso.

"Nisamehe, Mama Ndege," akasema. "Nilikuwa na uchungu ya mtoto. Najua hizo ndege ulikuwa unazipenda. Niongelee kwa hao vijana, wasinipeleke."

Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa umefungwa, hakukuwa na mwingine wa kusikia. Unajua nilimjibu nini?

"Nimekusamehe, mama. Enda ulale."

Nilimsamehe! Mimi! Kwa kosa langu mwenyewe!

Vijana niliwabembeleza wakaachana na mambo ya chifu. Sasa kila nikinunua sukuma Mama Mutua ananiongezea, eti asante. Wateja wengine wanampita wakimwita muuaji wa ndege, na mimi nanyamaza. Ile sukuma naipika, halafu nashindwa kuimeza. Nimechoka, wapendwa! Sijui nitaanzia wapi!

Wewe unayehesabu ndege, popote ulipo, ukikuta hakuna kitu andika hakuna kitu. Usiwatupie chochote ili uonekane unafanya kazi. Na ukishakosea, sema siku hiyo hiyo, kabla uliyemkosea hajaja kukuomba msamaha. Mimi nilichelewa.

Jana Mutua aliniuliza, "Auntie, mbona mwewe alikuja kwangu?"

Nikamwambia sijui.