Waliokisalimia Amri Kidege

Juzi nilikuwa kwa kinyozi Magongo. Benchini alikaa bwana mmoja aliyevitazama vita vya Ghuba kwenye televisheni, basi akajiona jemadari. "Kifaru chenye chuma kinene hakishindwi," akatuhubiria, akijipiga goti kwa kiganja.

Aliyekuwa akinyolewa ni dereva wa Likoni. Vita vilimkuta huko huko Ghuba kwenye kibarua, akalazimishwa kuwapelekea askari maji.

"Chuma kinene kiko mbele, ndugu yangu," akasema taratibu. "Cha juu ni chembamba. Kilikuja kidege kisicho na rubani, kinavuma kama pikipiki. Tukakicheka. Kumbe kilikuwa kikiwaonyesha wenye mizinga tulipo. Kilipoondoka tu, makombora yakaanza kuanguka, kifaru baada ya kifaru."

"Kikarudi?" kinyozi akauliza, wembe hewani.

"Kesho yake. Askari wakavua fulana nyeupe, wakakipungia. Mimi nikapunga kanzu."

Yule bwana akacheka mpaka akakohoa. "Wanaume wazima mwasalimu amri kwa mwanasesere! Mimi ningekipiga jiwe."

"Wallahi, mawe yalikuwapo," dereva akajibu. "Mkono wa kuyatupa ndio haukuwapo."

Bwana akaomba gazeti, akajifunika uso kwa ukurasa wa michezo. Tunao wengi kama yeye, mashujaa wa vita vya wenzao, ambao hata mbu wa Changamwe huwakimbiza ndani magharibi.

Kinyozi alitaka kujua kile kidege kiliwajibu nini.

"Hakikujibu," dereva akasema. "Kilizunguka, kikaenda zake. Sisi tukabaki mikono juu, hatujui tumesamehewa ama la."