Sindano ya Kusimama

Miaka michache baada ya uhuru, katika zahanati moja huku Kihanga, karibu na mpaka wa Rwanda, tulikaa kwenye benchi kila mtu na kadi yake, tukingoja sindano za siku tano. Aliyenitangulia alikuwa mzee kibarua wa mashamba ya kahawa, aliyetoka Rwanda zamani, mguu wake ukioza kwa kidonda.

"Vua, lala kifudifudi," nesi alisema bila kuinua macho.

Mzee, aliyekuwa ameanza kuvua, akafunga tena mkanda wake, akaelekea mlangoni. Benchi zima likacheka.

"Mzee mzima unaogopa sindano?" kijana mmoja wa benchini akamuuliza.

"Sindano siiogopi, mwanangu. Kulala ndiko sitaki. Mbelgiji aliyetutawala kule Rwanda alinilaza hivyo hivyo mbele ya watoto wangu, viboko vinane, eti kahawa sijaipalilia. Nilipovuka Mto Kagera kuja huku niliapa silali tena kwa amri ya mtu."

Nesi akarudisha bomba la sindano kwenye sahani.

"Samahani, baba. Ungependa nikuchome vipi?"

"Nimesimama."

"Basi shika meza. Ukiwa tayari, niambie."

Mzee akashika meza, akanyoosha shingo kama anayepigiwa wimbo wa taifa. "Choma."

Mkaguzi wa zahanati kutoka wilayani Kayanga, aliyekuwa pembeni na faili lake, akakohoa. "Mwongozo unasema mgonjwa alale."

"Mwongozo haujawahi kuchapwa, bwana mkubwa," nesi akamjibu.

Mkaguzi akaandika kitu kirefu. Mzee alirudi siku zote tano, na mguu wake ukapona.

Siku ya mwisho nesi akaniuliza na mimi napenda anichome vipi. Mbele ya meza ya serikali sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo. Nikalala kifudifudi, kama nilivyozoea.