Mwalimu Nipe na Mashine Isiyopokea Kikombe

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Nipe amelala chali kwenye kitanda kisicho na godoro. Macho ameyafumba na anakoroma kwa makusudi. Mama mmoja wa makamo amesimama kando yake, mikono ya blauzi ameikunja hadi viwikoni, anampa mwenzake maagizo kwa Kiingereza.

“Turn him,” anasema, kisha anakwama.

Mgonjwa huyo wa kuigiza anafumbua jicho moja. “Dada, umeniacha njia panda. Nigeuzwe, nisigeuzwe?”

“Turn him over!”

“Ehee! Sasa nigeuzeni kabla sijapata vidonda.”

Darasa zima linaangua kicheko. Ni watu kumi na mmoja, wote wana ndoto ya kwenda nje kulea wazee. Wanasomea katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya seremala, vumbi la mbao limetanda hadi kwenye madaftari. Kitanda chenyewe seremala alikipigilia kwa mabaki ya mbao zake.

Kicheko kinakatika upesi. Mlangoni imebandikwa barua yenye muhuri, na hakuna asiyejua inasema nini. Kuanzia kesho, Mwalimu Nipe haruhusiwi kufundisha.

Jina la Nipe alipewa na watoto wa mtaa. Kila kundi jipya linapoanza, yeye huweka kikombe cha bati mezani, humnyooshea mkono aliye karibu na kumwambia, “Give it to me.” Hasemi kingine. Yule mtu ahangaike, aangalie huku na huku, mpaka ashike kikombe ampe. Hapo ndipo hufuata sentensi ya pili: ampe huyu, akichukue kwa yule, akiweke chini, akiinue juu. Kikombe kinazunguka chumba kizima. Wapita njia waliochungulia dirishani walidhani ni ombaomba aliyejipatia ofisi.

“Kiswahili chetu kina huruma,” anasema. “Nikisema ‘mgeuze’, basi, neno moja, kazi na mtu vimo humo humo. Wenzetu wanavipanga foleni: kazi mbele, mtu katikati, kijineno nyuma. Ukikariri, kesho kimeyeyuka. Ila ukimshika mtu mwenyewe, huyo wa katikati, hakutoki mpaka kaburini.”

Hakuyapata hayo darasani. Shule aliiacha darasa la saba. Kwa miaka tisa alisukuma vitanda katika hospitali iliyokuwa na madaktari wageni, na Kiingereza chake chote kiliingia kupitia mgongo: mwinue, mlaze, mtoe, mrudishe. Alipoumia kiuno akaanza kufundisha. Mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Mwaka jana ofisi inayosajili madarasa ikaja na sharti. Kila mwalimu afanye mtihani wa kuzungumza na kompyuta. Alama za kupita ni sitini. Nafasi za kujaribu ni tatu.

Mara ya kwanza alipata arobaini na moja.

Swali, jamani, lilikuwa la kwake! Alitakiwa aeleze, hatua kwa hatua, namna ya kumtoa mgonjwa kitandani. Alipewa sekunde arobaini na tano. Alivaa vile visikizi vya masikioni, akanyoosha mkono mbele ya kioo cha kompyuta, akasema kwa sauti safi, “Give me your hand.” Kisha akasubiri apewe mkono.

Ndivyo anavyofundisha. Sentensi ya pili haitoki mpaka ya kwanza iwe imetendwa. Mgonjwa hajakupa mkono, utamwinuaje? Sekunde zikaisha, kioo kikasonga kwenye swali lingine, naye bado mkono uko hewani.

“Nilimkasirikia,” anasema. “Ile mashine, nilimkasirikia kabisa. Nikasema huyu hana adabu, anaombwa mkono ananyamaza.”

Mara ya pili alikalia mikono yake. Akapata arobaini na nne.

Mke wake anasema kabla ya mara ya tatu mzee alifanya mazoezi kama mtoto. Alinunua saa ya kuhesabu sekunde. Alijifunza kusema sentensi sita mfululizo bila kupumua.

“Siku moja nikamkuta jikoni anaongea na birika,” anasimulia mke wake. “Anaiambia impe mkono, halafu anasubiri. Nikacheka, nikamwambia, baba watoto, birika itakuunguza. Akageuka. Nikaona analia. Sikucheka tena.”

Mara ya tatu alikwenda vizuri hadi sentensi ya pili. Ya pili ilikuwa “Hold on to me,” nishikilie. Hapo, anasema, mwili ukamsaliti. Miaka ishirini na miwili ikamwambia ngoja, hajakushika bado, ataanguka. Akangoja. Alama thelathini na nane.

“Nafasi ya nne haipo,” anasema, na anaangalia mikono yake. “Nimekwisha. Sina la kusema lingine, nimekwisha.”

Inauma zaidi kwa kuwa mikono hiyo imewavusha wengi. Katika daftari lake kuna majina mia tatu na kumi na manne ya waliosafiri. Mmoja wao ni mwanamke waliyemwita Haraka, kwa jinsi alivyokuwa akimeza maneno. Alilea wazee ughaibuni miaka sita, akarudi, akafanya mtihani ule ule. Alama themanini na nane, mara moja tu.

Kuanzia kesho darasa ni lake.

“Usiku wa kwanza kule, kibibi niliyekuwa namtunza alianguka bafuni,” anasema Haraka. “Kichwa kilikuwa kitupu, sikumbuki hata jina langu. Mikono ndiyo ilikumbuka. Nikasema yote, moja moja, namngoja, namngoja, mpaka akasimama. Sasa mniambie, aliyenifundisha ndiye hajui Kiingereza?”

Alikwenda ofisini kumwombea mwalimu wake. Wakamjibu kuwa asiye na cheti anaweza kubaki kama msaidizi, mradi asifundishe. Haraka aliuliza msaidizi anaruhusiwa kufanya nini. Wakamwambia vifaa. Abebe vifaa.

Hapo ndipo ulipozaliwa mpango wa Mwalimu Nipe, ndio pekee alionao. Atakuwa mgonjwa. Siku tatu kwa wiki atalala kwenye kile kitanda cha mabaki, ageuzwe, ainuliwe, akalishwe. Kusahihisha hataruhusiwa.

“Ila mgonjwa hakatazwi kuomba maji kwa Kiingereza,” anasema, na anajaribu kutabasamu. Tabasamu linashindikana.

Saa nne kasoro robo, Haraka anaingia. Amevaa viatu vya kufunika, kama mtu aendaye kwenye usaili. Anawasalimu wanafunzi, anamwamkia mwalimu wake shikamoo kwa kukunja magoti, kisha wanabaki wamesimama, boksi la vifaa vya kukabidhiana kati yao. Blanketi limeshakabidhiwa. Ndara zimeshakabidhiwa. Kikombe bado anacho mzee.

Haraka ananyoosha mkono.

“Give it to me,” anasema, polepole kabisa.

Mzee hampi. Vidole vimekigandia kikombe. Haraka angeweza kumwambia mwalimu, “Haya, basi, lete.” Hasemi. Mkono wake uko hewani na machozi yanamtiririka, lakini sentensi ya pili haitoki. Anangoja, kama alivyofundishwa.

Inachukua muda mrefu, mrefu kuliko sekunde arobaini na tano. Mwalimu Nipe anampa.

Kisha anavua viatu, anapanda kitandani, analala chali na kufumba macho. Safari hii hakoromi.