Kicheko Kilichomfuata Shangazi Barazani

Nakumbuka siku shangazi yangu aliposimama mbele ya baraza la kata, pale Kasense, Sumbawanga, kudai shamba la marehemu mumewe, na watu wakaangua kicheko kabla hajafungua kinywa. Mwanangu, umeniuliza uandikie televisheni vichekesho au tamthilia. Nitakujibu, ila univumilie, maana habari hii sijawahi kuisimulia bila hasira.

Enzi hizo vituo vya watu binafsi ndiyo kwanza vinafunguliwa Dar es Salaam, nami nikapata kazi ya uandishi. Nikaandika tamthilia ya mjane wa Kifipa ambaye mashemeji wanakuja kupima shamba lake matanga hayajaanuliwa. Sikubuni kitu, yalikuwa ya shangazi. Bosi akasoma, akasema, "Dada, wenye matangazo ya sabuni hawalipii vilio." Bila kuniambia, akamvika mwanamume gauni, amwigize mjane, aanguke matopeni akibabaika Kiswahili. Mkuki kwa nguruwe! Angekuwa mama yake asingethubutu. Sumbawanga watu walijazana kwenye vibanda vya video kuutazama mchezo ule, na mashemeji wa shangazi walikaa mbele.

Basi barazani wakamwita shangazi kwa jina la mjane wa mchezoni. Kila alipotamka neno, mtu aliigiza ile sauti. Akakaa chini hajamaliza, na shamba likaenda.

Nilipokwenda kumpa pole nilimkuta anapepeta ulezi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Nikamweleza kwamba aliyebadilisha ni bosi, na kwamba sitaandika kichekesho tena maishani.

"Nani kakukataza kuchekesha?" akasema. "Mume wangu alipokufa, watani walinitania pale pale msibani. Walivaa kofia yake, wakaiga kikohozi chake, mpaka nikacheka na machozi yangu. Lakini ndio waliochimba kaburi, ndio walioteka maji. Huyo bosi wako alinitekea maji lini? Na hao mashemeji, waliogombania hata sufuria ya msiba, wao hawachekeshi?"

 Nilirudi Dar nikaandika kichekesho cha mashemeji wawili na sufuria moja. Bosi akakikataa, nikaacha kazi, nikakipeleka kituo kingine. Kilipoonyeshwa, Sumbawanga walicheka kuliko mara ya kwanza. Shamba halikurudi. Mpaka leo wanalilima watoto wa mashemeji.

Kwa hiyo, mwanangu, usiniulize kipi ni bora. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kilio nacho huuzwa. Andika chochote, lakini kabla hujamfanya mtu achekwe, jiulize umewahi kumfaa kwa lipi, na kesho yake anakwenda kusimama mbele ya nani. Mwenye nguvu mcheke bila kumwonea haya. Bosi akikuambia watu wanapenda, mwulize watu gani.

Mungu akupe kalamu kali na moyo wa huruma, na asikulishe kamwe ugali uliotokana na aibu ya shangazi wa mtu.